Yale Hayakuwa Masizi

Ayuma mwanangu,

Nilitaka kuandika barua ya kawaida, ile ambayo kila baba huandika mtoto akitoka. Uamke mapema, umsalimie mwalimu mkuu kwa adabu, usiazime blanketi la mtu, huko kaskazini unakokwenda kufundisha usiku kuna baridi hata kama mchana jua linachoma. Niliandika nusu ukurasa nikaukunja nikautia motoni. Hayo unayajua kunishinda, na mengine ulinifundisha wewe. Liko jambo jingine limenishika tangu alasiri, na mdomo wa kulisema mbele yako sina. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyezoea panga.

Wewe na mama yako mmekwenda Butere kumuaga bibi yako. Mimi nimebaki na sanduku lako, nikilipigilia bawaba iliyolegea. Mlipokuwa mnatoka, mama yako alikuwa akifunga kitambaa kichwani huku anacheka.

"Mtoto wako ni kichekesho," akaniambia. "Ati ananiuliza hii mboga ya mrenda ya siku hizi tunaiwekanga nini, mbona inafanya choo inakuwa nyeusi hivi."

"Nyeusi namna gani?"

"Mimi najua? Nyeusi tu. Wacha hayo, baba Ayuma, hayo si maneno ya wanaume."

Akaenda. Nikapiga msumari mmoja, nikapiga wa pili, ndipo maneno yale yakaniingia. Nilitupa nyundo nikakimbia hadi barabarani na ndara zangu hizi, nikaita jina lako mpaka watu wa trekta la miwa wakasimama kutazama. Mlikuwa mmeshapinda kona. Nilitaka kuwafuata, lakini kutoka Butere mnaweza kurudi kwa barabara kubwa au kwa njia ya mkato ya mtoni, na nikikosea tutapishana. Mama yako alisema mtarudi kabla giza halijashika. Basi nimekaa hapa mezani, sikio langu liko njiani, na mkono unaandika.

Unajua mila yetu. Ulipoanza kuwa msichana mkubwa nilichimba choo cha pili nyuma ya migomba, ili baba na binti wasipishane kwenye kijia kile. Nilijisifu kwa kazi hiyo. Wazee walikuja wakaniambia nimeonyesha heshima. Tangu siku hiyo mambo ya tumbo lako yamekuwa ya mama yako, na ya kwangu yamekuwa yangu. Sina ugomvi na heshima, mama. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la aliyenizaa, nawe unajua sikutanii nikikuita hivyo. Lakini leo heshima hiyo nataka kuiweka kando kidogo, kwa sababu niliwahi kuiona ikizika mtu.

Baba yako mdogo Shiundu unamkumbuka kwa mbali tu. Ni yule aliyekuwa akikubeba mabegani na kukumenyea muwa kwa meno, akikupa ule wa katikati wenye maji mengi. Alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Miaka ile muwa ulikuwa mfalme. Watu waling'oa mihogo wakapanda miwa, waling'oa hata migomba ya mama zao. Mabati yalikuwa yanawaka jua kila kilima, kila Jumamosi kuna harusi, na king'ora cha kiwanda kikilia asubuhi unaona vijana wanatoka vichochoroni na mapanga kama mchwa baada ya mvua. Mimi nilikuwa nyapara wa kundi la wakataji. Nilikuwa na sauti kubwa na jibu la kila swali.

Kiangazi kimoja shamba la upande wa Ekero likashika moto. Nani aliliwasha, hatukujua. Muwa ulioungua haungoji mtu, utamu wake unaharibika upesi, kwa hiyo ni lazima ukatwe na ubebwe haraka. Tulikata bila kupumzika. Kama hujawahi kuona watu waliotoka kwenye miwa iliyoungua, fikiria masufuria yanayotembea. Tulitema meusi, tulipenga meusi, maji ya kuogea yalikuwa meusi. Wake zetu walituuliza majina mlangoni kwa mzaha.

Sasa Shiundu mgongo ulikuwa unamsumbua. Alikuwa anameza tembe za maumivu, zile za dukani, asubuhi na mchana na jioni, na tumboni hana kitu ila maji ya muwa. Sikuona ubaya. Sote tulizimeza. Mimi mwenyewe nilimnunulia, nikampa kwa mkono wangu huu unaoandika.

Asubuhi moja akatoka nyuma ya shamba, akaja akasimama karibu nami, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, mimi natoanga kitu nyeusi. Inanata kama rami. Na harufu yake si ya kawaida."

Sauti yake haikuwa ndogo ya kutosha. Wenzake walisikia wakaangua kicheko. "Unakula masizi kutwa," mmoja akamwambia, "unataka itoke nyeupe?"

Nami nyapara, kaka yake mkubwa, nikasema, "Masizi imeingia, masizi itatoka. Shika panga."

Msemo huo ulipendwa sana. Kutwa nzima kundi lilikuwa likiurudia, nami nikaona nimesema neno la maana. Shiundu alicheka pamoja nao, kwa sababu hakuwa mtu wa kununa, na hakulitaja jambo lile tena mbele yangu.

Nataka uelewe, Ayuma, kwamba dalili hazikujificha. Zilikuja moja moja, zikabisha hodi, na kila moja niliifungia mlango kwa maelezo. Alipoinuka na kuyumba nikasema ni jua. Alipokaa chini katikati ya kazi nikamtania kwamba bibi harusi wake hampi usingizi. Alipoosha mikono nikaona viganja vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa, nikasema kumbe sabuni hii ni nzuri. Alisema moyo unamwendea mbio hata akikaa, nikamwambia anyonye muwa apate nguvu. Halafu akatapika, na matapishi yake yalikuwa kama makapi ya kahawa. Hata hapo, mwanangu, hata hapo nilifikiri ni maji ya muwa yamechanganyika na majivu.

Alianguka kesho yake kabla jua halijapanda. Tulimpakia kwenye baiskeli, mmoja anaendesha, wawili wanamshika, na njia yote ni mawe. Kichwa chake kilikuwa kinagonga mgongo wa mwendeshaji. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni nikimwambia avumilie.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mpole, na alituuliza sote tuliosimama pale, "Choo chake kimekuwaje siku hizi?"

Mama yako mdogo Felista, mkewe, alikuwa amesimama ukutani na leso usoni. Aliinua macho akanitazama mimi, akayashusha. Mimi nikajibu kwa niaba ya wote, kama kawaida yangu. "Ni nyeusi, daktari, lakini hiyo ni masizi. Tunakatanga miwa ya kuungua."

Daktari aliacha kuandika. "Mzee, masizi hayanati," akasema. "Hiyo ni damu. Inatoka kwenye kidonda tumboni, na ikisafiri humo ndani hugeuka nyeusi. Ameanza lini?"

Sikujua. Nililala naye boma moja, nilikula naye, na sikujua. Walitafuta damu ya kumwongezea, tukanyoosha mikono tuliokuwepo, lakini aliyekuwa na damu inayomfaa alikuwa anakuja kwa miguu. Shiundu hakumngoja.

Baada ya mazishi Felista alikuja kuniaga, maana ndugu zake walikuwa wamekuja kumchukua akapumzike kwao. Alisimama mbali, kama inavyompasa mke wa mdogo wangu, akanena akitazama ardhi. "Baba, mimi nilijua. Nilifuanga suruari yake wiki nzima, nikajua hiyo si masizi. Lakini ningekuambia na mdomo gani? Wewe ni kama baba mkwe wangu."

Kila nikikumbuka maneno yale huwa nasikia aibu mpaka leo, na si aibu ya choo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa wengi tuliouficha, kila mmoja na sababu yake nzuri.

Tangu hapo niligeuka mtu wa kuchekwa. Kila asubuhi, kabla ya kugawa mistari ya kukata, niliwauliza wakataji wangu hali za matumbo yao, bila haya, mbele ya watu. Waliniita Daktari wa Vyoo. Wengine walinidanganya kwa makusudi wapate siku ya kulala. Sikujali. Nilikataza mtu kumeza tembe na tumbo tupu, na aliyekuwa anazimeza kila siku nilimpeleka kwa daktari wa kiwanda nikasimama mlangoni mpaka atoke.

Na hofu hiyo iliniaibisha pia, usidhani kila mara nilikuwa sahihi. Mama yako alipokuwa na mimba ya mdogo wako alitoka chooni siku moja akalalamika kwamba anatoa kitu cheusi. Sikumngoja avae vizuri. Nilimweka kwenye baiskeli na kanga moja, nikapanda kilima nikipumua kama ng'ombe wa kulima, nikaingia hospitalini nikipiga kelele. Nesi alimtazama chini ya kope, akambonyeza tumbo, akamuuliza kama anaona kizunguzungu, kama kile kitu kinanata, kama kinanuka vibaya. Halafu akauliza, "Mama, umepewa tembe za kuongeza damu?" Akasema ndiyo, za kliniki ya wajawazito. Nesi akacheka mpaka akashika meza. Kumbe zile hugeuza choo kikawa cheusi, na hakuna ubaya.

Lakini yule nesi aliniambia neno nikiwa natoka. "Mzee, ukija tucheke, ni sawa. Wewe kuja tu."

Kwa hiyo najua kuna cheusi kisicho damu. Mboga nyingine zinatia rangi ya kijani kilichoiva sana, tembe za damu zinatia nyeusi, na pengine mrenda wa mama yako hauna hatia yoyote. Ningefurahi sana. Lakini wa kuamua si mama yako, si mimi, wala si wewe. Mimi niliamua mara moja, na unajua aliyelala kule kwenye mgomba wa mwisho.

Sasa nikwambie niliyoyaona wewe ukidhani sioni. Jino lako limekuuma tangu mvua zianze, na umekuwa ukimeza tembe kama njugu. Halafu kanisa likatangaza kufunga na kuomba kwa ajili ya safari yenu vijana, nawe ukafunga, ukaendelea kumeza. Nimekuona ukiweka mkono hapa juu ya kitovu, chini ya kifua, ukidhani unapanga nguo. Nimekuona ukinywa munyu mushereka kwa kijiko, yale maji ya majivu tunayolainishia mboga, ukimwambia mama yako ni kiungulia tu. Obusuma, ugali wetu, unaumega unauacha. Na juzi ulipotoka kisimani ulipumzika njiani kwa kile kilima ambacho tangu utotoni ulikuwa ukikipanda ukiimba.

Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema ni wasiwasi wa safari. Mtoto anaacha nyumba, lazima akose hamu ya chakula. Tazama, nilikuwa nimeshapata jibu tena. Panga limeniacha mkononi lakini unyapara bado ninao.

Naogopa, Ayuma. Nasema wazi kwa sababu sina wa kumficha. Naogopa kwamba kesho ungepanda basi na tumbo hilo, ukafika huko ulikoniambia mwenyewe zahanati iko mbali na gari hupita likitaka. Ungekaa kwenye chumba cha walimu, mgeni, hujui wa kumwambia, ukisema moyoni mwako ni maji ya huku, ni maziwa ya ngamia, ni joto. Kila mahali kuna masizi yake, mwanangu. Huko pia watakuwa na jina la kukufariji.

Utafika huko, Mungu akipenda, hata kama si kesho. Na ukifika, sitaki uwe kama mimi nilivyokuwa baada ya Shiundu, mtu wa kukimbilia hospitali kwa kila ngurumo ya tumbo. Maharagwe yatakujaza gesi, maji mageni yatakuharisha siku mbili, na hapo dawa yako ni kunywa maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo na kungoja, mradi unakojoa na akili iko sawa. Kuhara kukija na damu au homa kali, usingoje. Maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia yakakaa hapo, usimruhusu mtu akukande kwa mafuta. Tumbo likawa gumu kama ubao, au ukatapika bila kukoma na hata upepo hautoki, amsha watu. Na lile linalokuja polepole, la kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, macho kuwa ya manjano, hilo nalo huwa linataka mtu atakayelisema mapema. Haya sikuyasoma popote. Nimeyakusanya kwenye mabenchi ya hospitali, nikiwasindikiza watu.

Na ukikaa mbele ya daktari, sema rangi, sema harufu, sema tangu lini, sema kila tembe uliyomeza hata kama ulipewa na rafiki. Daktari hana boma hapa kwetu. Si mkwe wa mtu.

Nilipofika hapo katika barua nilitoka kidogo kwenda kwa Hamisi, jirani yetu mwenye pikapu ya kubebea mahindi. Alikuwa anatawadha. Nilimwambia salamaleko, akaitikia, akaniona uso.

"Mzee, kuna nini?"

"Mtoto wangu anaweza kuwa anatoka damu ndani. Pengine si kitu. Sijui."

Hakuniuliza damu ya wapi. "Nikimaliza Magharibi naleta gari hapo kwako," akasema. "Kama si kitu tutarudi tukikunywa chai, inshallah." Nimemkumbuka Shiundu juu ya baiskeli, kichwa kikigonga, na nikashindwa hata kumshukuru Hamisi vizuri. Yeye si wa ukoo wetu wala si wa kanisa letu, lakini alielewa upesi kuliko kaka wa mtu.

Tiketi ya basi imeshakatwa, najua. Mama yako atasema mzee amerukwa tena na akili, kama siku ile ya tembe za damu. Mwalimu mkuu atangoja. Ikiwa daktari atatucheka, nitakununulia soda na utanitania mpaka utakapostaafu. Utawasimulia wajukuu zangu habari za Daktari wa Vyoo. Nakuombea kicheko hicho kuliko nilivyowahi kuomba mvua.

Nasikia gari la Hamisi linageuka pale langoni. Nyinyi bado. Jua limeshazama nyuma ya bomba la moshi la kiwanda, na kila mtu anayepita na kanga nadhani ni wewe.

Barua imekuwa ndefu, na sijui utaisoma lini. Nimefikiri hivi. Nitakupa ukurasa huu wa mwisho kwanza, hapo mlangoni, na kurasa zilizobaki utazisoma kwenye benchi tukingoja zamu. Nitashindwa kusema, najijua. Nitakunyooshea tu karatasi kama mtoto wa shule.

Kwa hiyo, mama, usiingie ndani. Usivue viatu. Usimeze tembe nyingine, wala usile kitu mpaka daktari akuone. Panda gari pamoja na mama yako mkae mbele, mimi nitakaa nyuma kwenye magunia. Tukifika, mimi nitabaki nje, mbali, pale kwenye ua, nisikoweza kusikia hata neno moja. Ukiona nimesogea karibu, nifukuze.

Halafu mwambie daktari yote.

Baba yako anayekungoja langoni.